Kodi Mbili za Nyumba Moja

Kazi ya kupima nyumba za watu niliipata baada ya kiwanda kunipunguza. Ilikuwa miaka ile viwanda vya Morogoro vinauzwa kimoja baada ya kingine, na sisi makarani tukaambiwa kwa adabu nyingi kwamba tumezidi, kama chumvi kwenye mchuzi. Nikapewa barua, mafao yasiyojaza bahasha, na mkono wa kwaheri. Nikarudi chumbani kwangu Mwembesongo nikalala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikasikia kwamba halmashauri inatafuta vibarua wanaoweza kusoma utepe wa kupimia na kuandika mwandiko unaosomeka. Mwandiko mzuri ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shule bila mtu kunibishia. Nikachukuliwa.

Hadi wakati huo nyumba nyingi za mji zilikuwa zikilipa ada ndogo iliyo sawa kwa wote, mwenye vyumba viwili na mwenye kumi, na wengi hata hiyo hawakuilipa. Sasa serikali ilikuwa inafungua milango ya biashara na kutafuta fedha kila upenyo, na halmashauri nazo zikaambiwa zijitegemee. Kwa hiyo kila nyumba ingepimwa, ipewe thamani, na mwenyewe alipe kulingana na thamani hiyo. Nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi zilisamehewa. Hilo la msamaha lilienea mjini haraka kuliko tangazo lenyewe.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mtu wa Kinole, huko juu milimani. Miaka ishirini alikuwa akishusha mananasi, ndizi na pilipili manga mpaka soko la mjini, na katika miaka hiyo alijenga nyumba ya vyumba sita, tofali moja moja, bati moja moja. Yeye aliishi vyumba vitatu vya mbele, na vitatu vya uani alipangisha: kimoja mimi, kimoja mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, kimoja fundi cherehani wa kike aliyekuwa haongei kabla ya chai.

Asubuhi gari la matangazo lilipopita, mama alikuwa barazani akipepeta pilipili manga kwenye ungo. Spika ikasema wenye nyumba wote wajiandae kulipa kodi ya nyumba. Mama akaacha kupepeta.

"Umelisikia hilo gari?" akaniuliza.

"Nimelisikia, mama."

"Linasema mwenye nyumba alipe kodi ya nyumba."

"Ndiyo, mama."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Ni wewe."

"Sasa mimi nimepanga kwa nani?"

Nikaketi kwenye ngazi nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kuna kodi anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na kuna kodi anayolipa mwenye nyumba kwa halmashauri, na kwamba ni vitu viwili, ila wenye lugha hawakuhangaika kutafuta jina la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ile ya kwako naijua," akasema. "Unanipa mimi kwa sababu unalala kwangu. Hii ya kwangu, halmashauri inalala wapi?"

Hilo nililiacha, maana kulikuwa na jambo jingine la kumwambia. Nikaona bora nilitoe pale pale.

"Mama, hao watakaokuja kupima, na mimi nimo."

Akanisukumia fagio kwa mguu. "Basi anza kulifagia hilo baraza," akasema. "Utakalolipima lisiwe chafu."

Tulianza kazi mtaa wa juu. Mkubwa wetu alikuwa mthamini mwenye cheti, bwana mnene mpole, suruali zake zimenyooshwa kwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Alijua kazi yake vizuri sana, ila aliogopa mbwa. Kokote kulikosikika kubweka, yeye alibaki nje ya uzio na ubao wake wa fomu, mimi nikaingia na utepe, nikamsomea vipimo kwa sauti. Jioni, ofisini, mimi ndiye niliyenakili fomu zote kwa mwandiko safi.

Sijawahi kuona mji ukijifanya maskini kwa bidii kiasi kile. Mtu aliyekuwa ameanza kupaka rangi mbele ya nyumba alisimama katikati ya ukuta, nusu samawati na nusu kijivu, akauacha hivyo mpaka tulipopita. Muuza rangi wa karibu na stendi alinilalamikia kwamba tumemwua. Mama mmoja alifunika friji kwa kanga mbili na kuweka chungu juu yake, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba friji hatuzihesabu. Nyumba moja tuliwakuta baba, mama na watoto watano wameketi kwenye mkeka, wakatuambia wao ni wageni, wenyewe wamesafiri. Mtoto mdogo akaingia ndani, akatoka na sahani yake, akarudi kukaa na wageni wenzake.

Mkubwa wetu hakukasirika. "Usibishane nao," aliniambia. "Ukuta hausemi uongo. Pima ukuta."

Siku ya kupima mtaa wetu ilipokaribia, nilianza kuona mambo kwa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mzee aliyestaafu reli, mjane, mwenye nyumba iliyopakana na ya mama kwa ukuta mmoja mfupi. Miaka mingi alikuwa gadi wa treni, na hata alipostaafu alitembea kama mtu anayekagua mabehewa. Jioni moja nilimwona akipitisha matenga ya kuku mlango wa nyuma, tenga baada ya tenga. Nikadhani ameanza ufugaji. Miaka ile kila mstaafu alikuwa anafuga kuku.

Kesho yake tulipofika kwake, kulikuwa na mbwa. Mbwa mkubwa, wa rangi ya udongo, ambaye sikuwahi kumwona pale hata siku moja. Amefungwa kwenye nguzo ya uani, anabweka kama analipwa. Mkubwa wangu akarudi nyuma hatua tatu, akasimama chini ya mti wa jirani.

"Ingia wewe," akasema.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, binti yangu. Karibu upime. Hapa hakuna cha kufichwa."

Nikapima sebule, nikapima vyumba vitatu. Tukafika nyuma, kwenye milango miwili iliyofungwa kwa kamba.

"Hili ni banda," akasema mzee.

Akafungua. Kuku wakatutazama. Walikuwa wamekaa juu ya sakafu ya sementi nyekundu iliyopigwa nta, chini ya dari ya mbao zilizopangwa vizuri. Ukutani kulikuwa na kalenda ya shirika la reli na msumari wa kutundikia koti. Jogoo alikuwa juu ya kabati lililofunikwa shuka. Mlango wa pili ulikuwa vile vile, ila huko kuku walikuwa na kitanda.

Nikamtazama mzee. Mzee akaitazama kalenda.

Niseme ukweli wangu: sikuthubutu. Yule ni mtu niliyemwamkia kila asubuhi kwa miaka minne. Nilipougua malaria ndiye aliyenipeleka hospitali kwa baiskeli, mimi nimeshikilia koti lake kwa nyuma. Ningeanzaje kumwambia usoni kwamba anasema uongo? Na nilichokiona mle ndani, kwa macho yangu yote mawili, kilikuwa kuku.

"Sebule moja, vyumba vitatu," nikapaza sauti kuelekea kwenye mti, "na banda la kuku."

"Kuku wangapi?" akauliza mkubwa wangu, kwa kujali.

"Hatuandiki kuku," nikamkumbusha.

Baada ya hapo tukavuka ukuta kwenda kwa mama. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumsaidia. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwambia kwamba stoo ya uani si lazima iitwe chumba, na kwamba baraza tunaweza kulipima kwa huruma. Alinisikiliza akaitikia, nikadhani tumeelewana.

Asubuhi ile nilimkuta amevaa gauni la Idi. Baraza limedekiwa. Madirisha yote wazi, mapazia yamefungwa fundo ili vioo vionekane.

"Karibu, bwana," akamwambia mkubwa wangu. "Mbwa hayupo. Anza huku."

Akamtembeza kama mtu anayemwonyesha bwana harusi bibi harusi wake. Hii sakafu, mchanga wake ulitoka mtoni, si ule wa barabarani. Hii dari niliiweka mwaka ule mananasi yalipopata bei. Hii stoo ina dirisha, tazama, kwa hiyo ni chumba. Choo kina sementi mpaka juu, gusa. Nilimfinya kiwiko kwa siri.

"Mama, punguza kidogo," nikamnong'oneza.

"Nipunguze nini?" akajibu kwa sauti ya kusikika kwa jirani. "Nibomoe?"

Halafu akatueleza, pale pale, mkubwa wangu ameshika kalamu hewani. Kwao Kinole ardhi ni ya ukoo, na ukoo unahesabiwa kwa mama. Shamba analolima ni la bibi zake, halina wa kuliuza wala wa kulichukua, na hilo ni jema. Lakini alipotaka kujenga mjini, kaka zake walicheka. Wakamwambia mwanamke ana ardhi ya mama yake, mjini anakwenda kutafuta nini. Akajenga. Kila tofali walilolicheka lilikuwa ukutani. Sasa serikali imekuja yenyewe na karatasi kuandika nyumba yake ina nini, naye aseme haina?

"Andika yote," akasema. "Hata ngazi."

Mkubwa wangu aliandika yote. Nadhani ndiyo fomu aliyoifurahia kuliko zote mwaka ule.

Miezi michache baadaye zikaja hati za madai. Ya jirani yetu ilikuwa ndogo, akaenda kulipa siku ile ile, akarudi anapiga mluzi. Ya mama niliipeleka mwenyewe kutoka ofisini, maana sikutaka aletewe na mtu mwingine. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akaingia ndani, na jioni akatuita wapangaji wote watatu barazani.

"Kodi yangu imekuja kuonana na kodi zenu," akasema.

Aligawanya alichodaiwa kwa vyumba vitatu, akaongeza kwenye kodi ya kila mmoja wetu. Hesabu ilikuwa safi, hakutia faida hata kidogo. Fundi cherehani akaguna. Mwalimu akasema atafikiria. Mimi nikakubali. Ningesema nini, na mwandiko wa ile fomu ni wangu? Nilikuwa nimetembea mitaa ya Morogoro na utepe mkononi nikijipandishia kodi ya chumba changu mwenyewe.

Mwalimu alifikiria wiki mbili, kisha akahamia Kihonda, alikopata chumba kwa mtu aliyekuwa hajafikiwa na utepe. Chumba chake kikakaa wazi. Mwezi ukapita, na wa pili. Waliokuja kukiangalia walikipenda, wakasikia bei, wakasema watarudi. Mama akawa kila jioni anakifagia chumba kisichokuwa na mtu.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "wewe umesoma. Nimewaongezeni ili nisilipe mimi, na sasa nakusanya kidogo kuliko kabla sijawaongeza. Hii ni hesabu gani?"

"Ni mpangaji, mama. Ana miguu. Nyumba haina."

Akalitafakari hilo. Kesho yake akaturudishia nusu ya nyongeza, akasema nusu iliyobaki ataibeba mwenyewe. Chumba kikapata mtu ndani ya wiki, kijana wa benki. Kisha mama akapanda Kinole akakaa huko msimu mzima, akachuma na kushusha mizigo mara mbili ya kawaida yake. Aliporudi alikuwa amekonda na amechangamka. Alikwenda dirisha la malipo na gauni lile lile la Idi, akalipa yote kwa mkupuo, akadai stakabadhi yenye muhuri unaosomeka. Wa kwanza ulikuwa umefifia. Akairudisha wagonge tena.

Mwaka uliofuata jirani yetu aliamua kuuza. Mafao yake yalikuwa yamekwisha na watoto walimwita nyumbani Kigoma. Alichagua wakati mzuri. Kodi mpya ya ongezeko la thamani ilikuwa imeingia kwenye vifaa vya ujenzi, na sementi, bati na nondo vilikuwa vinapanda bei. Watu waliokuwa wakisema watajenga wakaanza kutafuta iliyojengwa tayari. Nyumba zilizokuwa hazitazamwi zikapata wachumba.

Walikuja mhadhiri wa Mzumbe na mkewe. Mhadhiri alizungukia uani akisifu hewa ya mlimani. Mkewe, aliyekuwa muuguzi, alibaki ndani akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Kuku walikuwa wameshauzwa, mbwa amerudi kwao popote palipokuwa kwao, na vyumba vya nyuma vimepakwa rangi ya maziwa. Mama aliitwa awe shahidi. Yaliyosemwa mwanzoni alinisimulia yeye, maana mimi nilikuwa uani kwetu nafua.

Bei ikatajwa. Mke wa mhadhiri hakuikataa. "Nyumba ni nzuri, baba," alisema. "Naomba tu nione karatasi ya kodi, nijue haina deni."

Mzee aliitoa mfukoni kwa fahari, stakabadhi imebanwa nayo kwa pini. Deni halikuwepo hata la senti. Mke wa mhadhiri akaisoma, akainua macho, akahesabu milango, akaisoma tena.

"Hapa pameandikwa sebule, vyumba vitatu na banda la kuku."

"Watu wa kupima hao," mzee akasema. "Unawajua."

"Siwajui. Mwandiko wao mzuri."

"Mwenye mwandiko huo anaishi kwangu," mama akasema. Mpaka leo hajanieleza kwa nini hakunyamaza. "Anafua. Nimwite?"

Nikaingia sebuleni kwa mzee na povu mpaka viwiko. Mke wa mhadhiri akaniamkia vizuri, akanionyesha karatasi.

"Dada, ni wewe uliyeandika banda?"

"Ni mimi."

"Uliona nini?"

"Niliona kuku, nikaandika kuku."

"Sakafu ilikuwaje?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama pale kalenda ilipokuwa. "Ya sementi," nikasema. "Nyekundu. Yenye nta."

"Na dari?"

"Ipo."

"Kuku wako waliishi vizuri, baba," akamwambia mzee, bila dhihaka, kama anayempa hongera.

Kisha akaweka karatasi mezani akaongea taratibu. Akasema akinunua kwa bei ya nyumba ya sebule na vyumba vitano, itabidi akaisahihishe karatasi, na akiisahihisha kodi itapanda, na itakaa juu yake kila mwaka, mzee akiwa zake Kigoma. Asipoisahihisha, siku ya kutaka mkopo au ya kuuza, atakuwa yeye anayekimbiza kuku. Kwa hiyo kodi ya miaka kadhaa ijayo ataitoa kwenye bei leo.

"Lakini nyumba ni ile ile, mwanangu," mzee akasema. "Na sementi imepanda. Ukijenga leo utalia."

"Ndiyo sababu nanunua, baba. Sementi ingekuwa ya bei ya zamani, mngeniona hapa?"

Walivutana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mhadhiri aliporudi kutoka uani akakuta wameshakubaliana, chini ya alichotaka mzee na juu kidogo ya alichotaka mkewe. Mzee alisaini. Jioni alikaa na mama kwenye ule ukuta mfupi, miguu inaning'inia kama mtoto.

"Nilidhani nawaficha halmashauri," akasema. "Kumbe nilikuwa nampunguzia bei mtu nisiyemjua."

"Na mbwa ulimkodi kwa shilingi ngapi?" mama akamwuliza.

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kabla ya kuondoka aliniletea jogoo, yule wa juu ya kabati, aliyekuwa amebaki. Nikasita. "Mpokee tu," akasema. "Rushwa hutolewa kabla." Tulimla na mama Jumapili, kwa wali wa nazi, na ingawa niliona aibu, nilirudia.

Jumatatu nilikwenda ofisini kusahihisha fomu. Mkubwa wangu alisoma marekebisho, akanitazama juu ya miwani. "Kuku wamehama?" akauliza. Nikamwambia wamehama. Akagonga muhuri.

Mama naye lile tukio lilimfungua macho. Alikuwa amesikia kwa masikio yake bei iliyokubaliwa kwa nyumba ndogo kuliko yake. Kwa wiki nzima alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Hakuwa na nia ya kuuza. Alitaka tu kujua, na kaka zake walipokuja kumtembelea aliwatajia bei ile kama jambo dogo, akiwamiminia chai.

Ila kulipa kulimwachia tabia mpya. Mvua za masika maji ya mlimani yalikuwa yakishuka mtaani kwetu kama yameitwa, na miaka yote tulikuwa tukiyafagia tu. Sasa akachukua stakabadhi yake yenye muhuri wa pili akaenda ofisi za halmashauri kuuliza mtaro uko wapi. Wakamwambia aandike barua. Niliiandika mimi. Akarudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, na pilipili manga kidogo ya karani wa mapokezi, mpaka wakamzoea na kumwekea kiti.

Kiangazi wakaja vibarua na sururu. Mtaro ukachimbwa kutoka juu ya mtaa, ukapita mbele ya baraza letu, ukafika kwenye ukuta mfupi, na hapo fedha ikaisha. Mvua ya kwanza uani kwetu pakawa pakavu, na kwa muuguzi na mhadhiri pakawa ziwa. Muuguzi akaja kugonga mlango wetu, suruali imekunjwa mpaka magotini, akamwuliza mama ile barua iliandikwaje. Mama akanionyesha kwa kidevu. Tukaandika ya pili, wakatia saini wote wawili, na safari hii walikwenda pamoja.

Nilikaa kwake miaka mingine mitatu, mpaka nilipoolewa. Kodi ya chumba ilipanda mara moja tu, na mara hiyo aliniuliza kwanza.